Habu ya Nyuma na Riziki ya Nyumba



Mama mmoja wa Mji wa Kale, ambaye nyumba yake haiko mbali na Ngome ya Yesu, ametuletea swali. Yeye hukaanga mahamri na kupika mbaazi kila siku baada ya sala ya Alfajiri, na mwanawe wa miaka 15 huvipeleka kwa baiskeli kwenye maduka na mabaraza kabla ya kwenda skuli. Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, katika zile za milimani ambazo vijana wetu huziita maunteni. Gia zake zimeliwa na kutu, cheni yaruka, na gurudumu la nyuma layumba. Fundi amewashauri waziondoe gia zote waifanye ya gia moja, kisha akawawekea mbele yao habu tatu za nyuma wachague. Ya kwanza ni ya chuma, iliyotolewa katika Black Mamba. Ya pili ni ya mtumba, inang'aa kama fedha, na ndiyo kijana aliyoipenda. Ya tatu ni ya kawaida, ya alumini, haina cha kuvutia macho. Mama amepokea zamu yake ya mchezo mwezi huu, na zamu nyingine iko mbali. Auliza: tuichukue ipi?

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kuwa hili ni jambo la mafundi, halihusu ukurasa wa familia. Sisi twaona lina mahali pake hapa. Fedha itakayonunua habu hiyo imetoka katika kibindo cha mama, naye hawezi kununua mara mbili. Na gurudumu la nyuma ndilo limbebalo mtoto pamoja na mzigo wake. Likishindwa kazi katikati ya magari, mahamri yaliyomwagika yatakuwa hasara ndogo kuliko zote.

Tuanze kwa kukijua kitu chenyewe. Habu ni kitovu cha gurudumu, yaani kile kipande cha mviringo kilicho katikati, ambamo spoku zote hutoka kwenda kushika rimu. Ndani yake hupita ekseli, ambayo ncha zake mbili hufungwa kwenye fremu. Kila upande wa habu una kikombe kilichojaa gololi, na koni hubana gololi hizo ili gurudumu lizunguke bila kucheza. Habu ya mbele kazi yake ni kuzunguka tu. Ya nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mpandaji na mzigo wote wa karia, na hupokea nguvu za miguu kupitia cheni. Katika baiskeli nyingine hubeba breki pia. Ndiyo maana ile ya mbele hudumu miaka mingi hali ya nyuma imekwisha kubadilishwa.

Ushauri wa fundi kuhusu gia moja ni ushauri mwema. Kisiwa chetu kwa sehemu kubwa ni tambarare. Mtu aweza kutoka Ngome ya Yesu, akafuata Ndia Kuu mpaka bandari ya zamani, akapinda Kuze na Bondeni, akatokea Marikiti, asikute mwinuko wa kuhitaji gia 21. Miinuko itakayomsumbua ni ya daraja la Nyali kwa aendaye soko la Kongowea, na ile ya kushukia na kupandia feri ya Likoni. Kwa miinuko hiyo michache hapana haja ya kuhudumia mtambo mzima wa gia, wenye springi, waya na vigurudumu vidogo, mbele ya hewa ya chumvi. Mwenye kutaka kujua chumvi hufanya nini, na aitazame mizinga ya chuma pale ngomeni. Ngome ilijengwa na Wareno baina ya mwaka 1593 na 1596, na kuta zake za mawe ya matumbawe zingali zimesimama, lakini chuma cha mizinga kimetafunwa. Ikiwa mzinga haukusalimika, itakuwaje springi iliyo nyembamba kama ukosi wa kanzu?

Wala gia moja si alama ya dhiki. Baiskeli zilizowabeba wazee wetu, tangu Raleigh za Nottingham, Uingereza, hadi Phoenix za Uchina na Hero za Uhindi, aghalabu zilikuwa za gia moja. Ndizo Wakenya walizozipa jina la Black Mamba. Huko Busia, kwenye mpaka wetu na Uganda, katika miaka ya 1960 watu walianza kuzitumia kuvusha abiria na mizigo, na hapo likazaliwa neno boda boda, ambalo leo latumiwa kwa pikipiki. Baiskeli hizo zilibeba mtu mzima karia na gunia juu yake. Zilikuwa nzito na za polepole, illa habu zake zilikuwa za kutengenezeka na fundi yeyote aliyekaa chini ya mti na spana mbili.

Hilo la kutengenezeka ndilo tunalotaka mama alishike katika uchaguzi wake. Habu inayoifaa nyumba yake ni ile ibebayo mzigo wake wa kila siku, na ambayo fundi wa mtaani mwake aweza kuifungua, kuisafisha na kuifunga tena. Mng'aro na jina hufuata nyuma. Ili kuifikia habu hiyo, yapo maswali sita ya kuuliza, na twayaandika kwa mpangilio ambao mtu angeyafuata akiwa amesimama mbele ya fundi.

Swali la kwanza: je, habu ya zamani imekufa kweli? Gurudumu kuyumba si hukumu ya kifo. Huenda spoku zimelegea, au koni zimefunguka, au ekseli imepinda. Mwambie fundi alitoe gurudumu, ashike ncha za ekseli kwa vidole na kulizungusha polepole. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, gololi zimekauka au zimeliwa. Ukiona ekseli yacheza huku na huku, koni zataka kukazwa au kubadilishwa. Gololi, koni na ekseli ni vitu vya bei ndogo. Habu nyingi za nyuma hutumia gololi 9 kila upande, za ukubwa wa robo inchi, nazo hupatikana popote. Lililo zito ni vikombe, kwa kuwa hivyo vimeshikamana na mwili wa habu. Fundi na avifute kwa kitambaa, kisha mvitazame pamoja mwangani. Vikiwa laini, habu ingali hai. Vikiwa na vishimo kama vya ndui, imekwisha.

Iwapo vikombe ni vizima, huenda mama hana haja ya kununua habu yoyote kati ya zile tatu. Habu za maunteni ziko za namna mbili. Namna ya kwanza ina hesi kwenye mwili wake, na friwili, yaani ile pete yenye meno inayolia unapoacha kukanyaga, hukazwa juu ya hesi hizo. Hapo huondolewa friwili ya gia nyingi na kufungwa ya gia moja mahali pake. Namna ya pili huitwa ya kaseti. Kile kilio kimo ndani ya habu yenyewe, na meno ni vipande vinavyovikwa juu yake. Hapo hubakishwa kipande kimoja cha meno, na nafasi iliyobaki hujazwa pete. Kazi zote mbili ni nyepesi kwa fundi mwenye kifaa cha kufungulia. Kinachohitaji uangalifu ni kunyoosha cheni, nasi tutalifikia hilo.

Swali la pili, ikiwa habu mpya haina budi, ni upana. Maunteni nyingi tuzionazo hapa zimeachiwa nafasi ya milimita 135 nyuma, kutoka ndani ya mdomo mmoja wa fremu hadi ndani ya mdomo wa pili. Habu ya Black Mamba ni nyembamba kuliko hivyo. Ukiifunga kwa nguvu, nati zitavuta fremu mpaka igusane nayo, na kijana ataona gurudumu limekaa vizuri. Fremu ya chuma huvumilia kiasi cha kukunjwa. Ya alumini haikubali. Hushika ufa pasipo kuonekana, kisha hukatika siku ambayo mzigo ni mzito. Kwa hiyo rula ya mtoto ya skuli itolewe mfukoni kabla ya pochi. Ikiwa tofauti ni ndogo, fundi aweza kuijaza kwa washa pande zote mbili, mradi ekseli ni ndefu ya kutosha na gurudumu libaki katikati. Ikiwa tofauti ni ya upana wa vidole viwili, habu hiyo si ya baiskeli hiyo.

Swali la tatu ni matundu ya spoku. Idadi ya matundu ya habu sharti ilingane na ya rimu. Rimu ya matundu 36 yataka habu ya 36, na ya 32 yataka ya 32. Hapo ndipo watu wengi hutumia fedha mara mbili: hununua habu nzuri, kisha wakagundua kuwa yawalazimu kununua na rimu. Kwa mbeba mizigo, 36 ni bora kuliko 32. Waliounda baiskeli za kale walilijua hili, ndiyo maana baiskeli kama Raleigh ilipewa spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kwenye uzito. Habu ya Black Mamba iliyowekwa mbele ya mama huyu, ikiwa ni ya asili, itakuwa na matundu 40, na haitaingiliana na rimu ya maunteni.

Tena habu ya gia moja ina fadhila ambayo watu hawaitaji. Habu ya gia nyingi huacha nafasi kubwa upande wa kulia kwa ajili ya meno, hivyo spoku za kulia husimama wima na kuvutwa kwa nguvu, na za kushoto hulala na kulegea. Gurudumu kama hilo huchoka upande mmoja. Habu iliyoundwa kwa ajili ya meno mamoja huziacha pande zote karibu sawa, na gurudumu hilo hustahimili mashimo na vijiti vya njia zetu kuliko lile la kwanza.

Swali la nne ndilo tunalowasihi wazazi wasilipite kwa haraka: breki ya nyuma imeshikamana na nini? Ikiwa ni ya mipira inayobana rimu, habu yoyote yafaa. Lakini maunteni nyingi za siku hizi zina breki ya sahani, ile duara ya chuma iliyofungwa kwenye habu kwa skrubu 6, na fremu zake hazina hata mahali pa kufunga breki ya mipira. Ukiondoa habu yenye sahani ukaweka isiyo na mahali pa sahani, umeiondoa breki ya nyuma. Baiskeli itakwenda vizuri, cheni itatulia, na mtoto atafurahi, mpaka atakapofika kwenye mteremko wa feri ya Likoni penye watu, mikokoteni na akina mama wenye watoto mgongoni. Breki ya mbele peke yake, pamoja na mzigo nyuma na sakafu iliyoloa, haitoshi. Pasipo breki mbili zinazoshika, kazi ya fundi haijakwisha, hata kama amekwisha kulipwa.

Swali la tano ni friwili na cheni. Friwili ya hesi ina hekima yake: kila unapokanyaga, yajikaza yenyewe, haiwezi kufunguka njiani. Ikichoka, hufunguliwa ikatupwa, ikawekwa nyingine, na habu yabaki ile ile. Habu ya kaseti ikiharibika kile kipande kinacholia ndani, fundi wa mtaani huenda asikipate cha kufanana nacho, hasa kama jina la habu ni geni. Kwa nyumba yenye kipato cha siku kwa siku, hesi ni salama zaidi.

Hata hivyo friwili za gia moja ziko za unene wa namna mbili. Iliyo nene ni ya cheni pana ya inchi moja ya nane, kama ya Black Mamba. Iliyo nyembamba ni ya cheni ya baiskeli za gia. Cheni pana hukubali meno membamba, lakini cheni nyembamba haikai juu ya meno manene, hupanda juu na kuteleza. Basi cheni na friwili vinunuliwe kwa pamoja, vijaribiwe pale pale.

Kisha cheni na inyoke. Simama nyuma ya baiskeli, inama, utazame meno ya mbele na ya nyuma. Cheni yapasa kwenda moja kwa moja kama uzi wa mwashi. Ikikaa mshazari, italia, italika, na itaruka wakati wa kukanyaga kwa nguvu, nao ndio wakati kijana amesimama juu ya pedali. Fundi aweza kuinyosha kwa kuhamisha washa za ekseli na kulirudisha gurudumu katikati kwa spoku, au kwa kuhamisha meno ya mbele.

Kuhusu idadi ya meno, kipimo kinachotumiwa sana kwa maunteni za gia moja ni mbili kwa moja, kwa mfano meno 32 mbele na 16 nyuma. Kwa gurudumu la inchi 26, mzunguko mmoja wa pedali humpeleka mpandaji karibu mita 4. Kwa kijana mwenye mzigo, na hasa avukaye daraja la Nyali, twaona meno 18 nyuma ni bora. Atakwenda polepole kidogo, ila magoti yake yatapumzika, na cheni na habu hazitavutwa kupita kiasi. Naye bado anakua. Magoti ni ya umri mzima.

Swali la sita ni ekseli na gololi. Ziko ekseli zenye tundu katikati, zinazofungwa kwa mkono mfupi bila spana. Hizo ni nyepesi na humfaa mtu atoaye gurudumu mara kwa mara. Kwa mzigo na gia moja, ekseli nzima ya chuma yenye nati mbili, zinazofungwa kwa spana nambari 15, ni bora. Haipindi upesi, hushika kwa nguvu hata miguu ikivuta cheni, na mwizi wa barazani hawezi kulichomoa gurudumu kwa vidole. Hapa itazamwe pia midomo ya fremu. Ikiwa imefunguka kwa ulalo, gurudumu huvutwa nyuma mpaka cheni ikaze, kisha nati zikafungwa. Ikiwa imefunguka kuelekea chini, gurudumu halivutiki, na hapana budi kuweka kikaza cheni.

Ama gololi, ziko zilizo huru ndani ya vikombe, na ziko beringi zilizofungwa tayari kama pete. Beringi huzuia vumbi na maji vizuri zaidi na haihitaji kurekebishwa. Ikifa hutolewa yote ikatiwa nyingine. Mwenye kuichagua na ahakikishe kuwa namba iliyochorwa ubavuni yasomeka na ni ya kawaida, kama vile 6000 au 6001, ambazo maduka ya beringi huziweka. Ikiwa namba ni ngeni, uzuri wa habu hiyo utakwisha pamoja na beringi zake. Gololi huru zataka grisi na kukazwa kila baada ya muda, lakini kila fundi wa Mombasa azijua, na gharama yake haimnyimi mtu usingizi.

Wako wataosema: mbona hamkutaja habu ya breki ya ndani, ambayo mpandaji hukanyaga kinyume ikashika? Ni kitu cha zamani na kilichoheshimika. Ile iliyoitwa Torpedo, ya Ernst Sachs wa Ujerumani, ilianza mwaka 1903. Na katika zama zetu, shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, liliunda baiskeli ya Buffalo kwa ajili ya vijiji vya Afrika kwa habu ya namna hiyo, yenye gia moja, na karia ya kubeba hadi kilo 100. Fadhila yake ni kuwa breki imo ndani, haipatwi na mvua ya masika wala haina waya wa kushika kutu. Lakini habu hiyo yataka fremu yenye midomo ya ulalo, kwa kuwa kikaza cheni chenye springi hakipatani na kukanyaga kinyume. Yataka pia mkono wake wa chuma ufungwe barabara kwenye fremu, la sivyo utazunguka na kuvunja spoku. Na cheni ikikatika, breki imekwenda nayo. Kwa baiskeli iliyoundwa kwa ajili yake ni neema. Kwa maunteni ya mtumba ni kazi ya fundi bingwa, na breki ya mbele sharti ibaki.

Iko namna moja ambayo hatuipendekezi kabisa kwa nyumba zetu: habu isiyo na friwili, ambayo pedali huzunguka wakati wote gurudumu linapozunguka. Vijana huipenda kwa madaha. Katika mji wa kanzu na buibui, nguo ikinaswa na cheni ya namna hiyo, mpandaji hawezi kuisimamisha miguu. Gurudumu litaendelea kuvuta nguo mpaka litakaposimama lenyewe. Friwili ilibuniwa ili miguu ya mtu ipumzike na gurudumu liendelee, na faida hiyo hatuoni sababu ya kuitupa.

Sasa tumrudie mama yetu na habu zake tatu. Ya Black Mamba ni imara kuliko zote, lakini kwa upana wake na matundu yake haioani na fremu wala rimu aliyonayo, na kuilazimisha ni kuiweka fremu katika hatari. Ile ing'aayo ni ya kaseti, na kwa maelezo yake ina matundu 32 na ekseli ya mkono mfupi, hali rimu yao ni ya 36. Kuichukua ni kununua na rimu, na siku kilio chake kitakapokufa itakuwa kutafuta kisichopatikana. Ya tatu, ile isiyovutia macho, ina hesi, matundu 36, ekseli nzima ya nati, na gololi huru. Breki yao ni ya mipira, kwa hiyo sahani haihitajiki. Ikiwa upana wake ni milimita 135, hiyo ndiyo twaona imfae. Lakini kwanza fundi aifungue habu ya zamani, vikombe vitazamwe. Huenda gololi 18, koni mbili na friwili moja zikatosha, na salio la mchezo likanunua unga na mafuta.

Kwa kijana wake tuna neno pia. Mwanetu, twajua umeipenda ile ing'aayo, na kupenda kizuri si kosa. Lakini wewe ndiwe utakayekuwa juu yake alfajiri, na mama ndiye atakayekungoja dirishani. Kaa na fundi siku atakapoifunga habu, uzishike spana kwa mikono yako. Kijana ajuaye kukaza koni hashikwi na njia.

Kazi ikikamilika, utunzaji wake si mgumu. Baiskeli ikiloa maji ya bahari au ya mvua, ifutwe kwa maji matamu na kitambaa, wala bomba lisielekezwe kwenye habu, kwa kuwa maji yenye kasi huisukuma grisi nje na kukaa mahali pake. Habu ya gololi ifunguliwe na kutiwa grisi mpya mara mbili kwa mwaka: masika yakiisha, na kabla ya kaskazi kuvuma. Friwili itiwe mafuta mepesi, si grisi, kwa sababu grisi hugandisha vile vidimi vya ndani na pedali zikakanyagwa bure. Katika juma la kwanza nati na spoku zikaguliwe mara mbili tatu, maana gurudumu jipya hutulia kidogo na kulegea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa baiskeli ni habu nyingine.

Na fundi naye ana haki yake. Mpatane bei ya vifaa mbali na bei ya kazi, umwombe akurudishie vile vya zamani, umlipe ujira wake siku ile ile. Fundi aliyewaeleza wenye baiskeli kwa nini habu fulani haiwafai, na hali angeweza kuwauzia ile ya ghali na kunyamaza, ni mtu wa kushikwa kwa mikono miwili. Mtaa wenye fundi kama huyo umeneemeka kuliko mtaa wenye duka kubwa.

Twamwombea mama huyu na wote wenye kutafuta riziki alfajiri wapate baraka katika jasho lao, na watoto wao waende na kurudi kwa salama.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.